Anayejifunza solo aanze kwa kuimba

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie namna wanaoanza gitaa wanavyofundishwa kupiga solo (sehemu ambayo gitaa hutangulia peke yake) za kubuni papo hapo. Ushauri wanaopewa mara nyingi ni kukariri skeli (mfuatano wa sauti zinazopanda na kushuka) ya pentatoniki, kuipanda na kuishuka mpaka vidole vizoee, kisha kuongeza kasi. Skeli hiyo sina ugomvi nayo, kwani ina sauti tano tu na si rahisi kuharibu wimbo ukiwa ndani yake. Ninacholalamikia ni kwamba mwanafunzi huachwa hapo hapo, akabaki na solo ndefu isiyo na mwanzo wala mwisho, ambayo msikilizaji hawezi hata kuivumisha mdomoni baada ya wimbo kwisha.

Mwanafunzi huyo angeanza kwa kuimba. Aweke gitaa magotini, asikilize kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zikizunguka, aimbe kipande cha sauti tatu au nne, ndipo akitafute kwenye nyuzi. Mwenye kuimba hulazimika kuvuta pumzi, na pale anapovuta pumzi ndipo kipande kinapokatikia. Vidole vikiachwa peke yake havijui kunyamaza. George Benson, mpiga gitaa wa jazi wa Marekani, anajulikana kwa kuimba sambamba na solo anayoicharaza, sauti kwa sauti, na mimi siamini kwamba zile ni mbwembwe za jukwaani tu.

Jambo la pili ni kujua pa kutua. Tuchukue mzunguko wa kodi nne, A-maina (maina ni kodi yenye mlio wa huzuni), F, C na G, na pentatoniki ya A-maina inayoanzia freti (kile kijiti cha chuma kwenye shingo ya gitaa) ya 5, yenye sauti A, C, D, E na G. Mwanafunzi akishikilia C, iliyoko uzi wa 3 (ukihesabu kuanzia ule mwembamba) freti ya 5, itakaa vizuri juu ya A-maina, itakaa juu ya F, na juu ya kodi ya C itakuwa nyumbani kabisa, kwa kuwa kodi zote tatu zinayo sauti hiyo. Ikifika kodi ya G, sauti ile ile ya C huanza kuning'inia kama neno lililokatizwa. Hapo ashuke freti moja tu, hadi ya 4, aipate B, ambayo haimo katika skeli aliyokariri lakini ndiyo inayoifanya kodi ya G iwe meja, yaani yenye mlio mchangamfu. Anayelisikia badiliko hilo dogo kwa masikio yake mwenyewe amejifunza kitu ambacho kuikimbiza skeli mchana kutwa hakutamfundisha.

Baada ya hapo kipande kirudiwe, mara ya pili mwisho wake ugeuzwe kidogo, mithili ya kiongozi na waitikiaji wake. Kuna pia suala la kuvuta uzi, ambalo wengi hulifanya kwa kubahatisha: ukivuta D ya uzi wa 3, freti ya 7, ili ipande hadi E, piga kwanza E ya uzi wa 2, freti ya 5, uwe nayo sikioni, maana vidole vya anayeanza huchoka kabla sauti haijafika, na E iliyoishia njiani hutia doa kipande kizima hata kama sauti nyingine zote zilikuwa sahihi.

Kasi sikatai kwamba ina mahali pake, ila inaweza kusubiri. Kurasa zenu za burudani zinapogusia mafunzo ya ala, ningeomba ziwape wasomaji kodi mbili au tatu na kipande kifupi cha kuimba juu yake, badala ya michoro mitupu ya skeli.

Wako,
Mpiga gitaa na msomaji wenu