Gesi nzito hupandaje hadi kwenye ozoni

Dar es Salaam

Mwanangu,

Fundi wako anasema gesi za friji, kama R-12 na R-22, ni nzito mno kufika kwenye ozoni, ile gesi ya juu angani inayotukinga na miale mikali ya jua. Hajakosea kuhusu uzito. R-12 ni nzito kuliko hewa mara nne hivi, R-22 mara tatu. Anapokosea ni kudhani hewa imetulia kama maji mtungini, kwamba kizito kitakaa chini. Hewa inakorogwa mchana na usiku. Gesi isiyooshwa na mvua wala kuungana upesi na kitu kingine hupandishwa na pepo, japo safari huchukua miaka.

Juu ni wapi? Kilimanjaro ina kilomita 5.9. Ndege za masafa marefu hupita kilomita 10 hadi 12. Sasa litazame wingu kubwa la masika: linapanda, kisha kileleni linatandazika bapa kama fuawe. Hapo limegota kwenye mpaka wa stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya mawingu, kilomita kama 17 juu ya tropiki yetu. Kwenye ncha za dunia mpaka huo hushuka hadi 8 au 9. Linagota kwa sababu juu yake hewa inazidi kupata joto badala ya baridi, na chanzo cha joto hilo ni ozoni inayonyonya miale ya urujuanimno, ile miale mikali ya jua isiyoonekana kwa macho. Ozoni nyingi iko humo, hasa kati ya kilomita 15 na 35. Usiiwazie kama blanketi nene. Ukiishusha yote hadi usawa wa bahari, ikashindiliwa na hewa ya huku, unene wake ni milimita 3 tu!

R-12 ikifika huko huvunjwa na miale hiyo, klorini iliyomo inatoka, na chembe moja ya klorini huharibu maelfu ya ozoni kabla ya kunaswa. R-22 nyingi huvunjika njiani, lakini si yote.

Kwa hiyo usikate bomba ukaiachia gesi. Soma kwanza stika ya friji ujue ni gesi gani. Ikiwa imefutika, tazama kibandiko cha kompresa. Inyonye kwa mashine hadi kwenye mtungi wake, usizidishe asilimia 80, maana kimiminika hutanuka kwa joto na mtungi uliojaa pomoni hupasuka. Usichanganye aina mbili, kwani kuzitenganisha tena karibu haiwezekani. Kutafuta uvujaji tumia naitrojeni kavu na povu la sabuni, kamwe si oksijeni: ikikutana na oili ya kompresa inalipuka. Ziba, vuta vakyumu, yaani toa hewa yote bombani, hadi kipimo kisome mikroni 500, kisha jaza kwa mizani, gramu zilezile za kwenye stika. Anayejaza bila kuziba tundu anamuuzia mteja gesi ileile mara mbili.

R-134a, gesi nyingine ya friji, haiigusi ozoni, ila kwa kupasha dunia joto inaipita kaboni dayoksaidi zaidi ya mara 1,000, kwa hiyo nayo inyonye. R-600a, yaani isobutani, haina kosa hilo wala lile, lakini inawaka: ukikuta jina hilo kwenye stika, weka mbali tochi ya kuchomelea, fungua madirisha kwanza.

Mama yako