Kabla hujanunua kigari cha viti viwili

Mpendwa Zuhura,

Salaam nyingi. Mimi sijambo, na kigari nacho hakijambo, maana najua hicho ndicho hasa unachotaka habari zake. Barua yako ya kuniuliza kama ununue hicho kigari cha Smart ulichotumiwa picha niliisoma jioni ile ile ilipofika, nikacheka peke yangu. Maswali yote yale, na karibu kila moja ni la kutaka kujua kama utatoka humo mzima.

La usalama nitakujibu, ila lisubiri kidogo. Hao wanaokutisha wanakutisha kwa udogo, na udogo ni jambo utakalolizoea kabla hujamaliza tangi la kwanza la mafuta. Kitakachokuudhi ni gia. Na kitakachokugeuzia maisha ni kile kiti kimoja cha abiria. Hayo mawili hakuna aliyekuambia.

Tuanze na gia. Langu, kama unavyokumbuka, ni Smart Fortwo ya 2008, kile kizazi cha pili, injini ya silinda 3 na cc 999, imekaa nyuma chini ya buti. Halina pedali ya klachi, kwa hiyo kila anayelipanda anasema, "Aa, otomatiki." Siyo. Humo ndani mna gia boksi ya kawaida ya gia 5 na klachi ya kawaida kabisa, isipokuwa klachi inasukumwa na kimota cha umeme badala ya mguu wako. Basi linapobadili gia nguvu inakatika, gari linasita, kichwa chako kinainama mbele kama mtu aliyeitikia salamu, halafu ndipo linavuta tena. Mgeni anashika dashibodi. Wengine huuliza kwa upole kama limeharibika.

Dawa yake ni ndogo. Sogeza mkono wa gia upande wa kubadili mwenyewe, usiliachie kompyuta. Ukitaka kupanda gia, achia mafuta kidogo, sukuma mkono wa gia, subiri ishike, kisha kanyaga tena. Ni ule ule mwendo wa mguu wa gari la gia, umepunguzwa pedali moja tu. Aliyejifunzia otomatiki hulilaani gari hili miezi mizima, lakini wewe uliyejifunzia lile pikapu bovu la mjomba wako utalizoea wiki ya kwanza. Kwenye mlima uwe macho: langu halitambai mbele lenyewe ukiachia breki, linasubiri ukanyage mafuta, na ukichelewa linarudi nyuma. Usishindane nalo kwa kulishikilia na mafuta mlimani wakati wa foleni, utaila klachi. Vuta breki ya mkono, utulie.

Na siku likikataa kuingia gia, usiuze figo kwanza. Langu lilipoanza ukorofi huo, karakana moja ilitaka kunishushia gia boksi nzima. Fundi mwingine akalala chini, akafungua kile kimota cha klachi, akakisafisha uchafu na kutu, akakisogeza kidogo ili kibane sawasawa, akanyanyuka akijipangusa mikono. Ikawa imekwisha. Kwa hiyo kabla ya kununua gari, tafuta fundi anayelijua. Ukimkosa aliye karibu nawe, acha, hata kama gari lenyewe ni zuri kiasi gani.

Sasa kile kiti.

Mtu mwenye gari la viti vitano ni usafiri wa ukoo, hilo unalijua kuliko mimi. Mkitoka mahali, watu hawaulizi, wanasimama tu karibu na mlango wako. Tangu niwe na kigari hiki hakuna anayesimama mlangoni. Ninamchukua mmoja, na huyo mmoja lazima nimwite kwa jina mbele ya wengine. Mwanzoni niliona haya sana. Nilikuwa nachelewa kuondoka makusudi ili wenzangu wapate usafiri kwanza. Siku hizi nasema wazi: "Nina nafasi moja, aliye mbali zaidi aje." Wamezoea. Jambo ambalo sikulitarajia ni mazungumzo. Hakuna kiti cha nyuma, hakuna sikio la tatu, na mnakaa mmetazama barabara wote wawili. Watu wamenieleza humo mambo ambayo sebuleni wasingethubutu. Wengine hata wamesahau kushuka tulipofika.

Lakini nikuambie bila kupaka rangi: kama siku yako ya kawaida ina watu watatu, usinunue. Usijidanganye kwamba "ni mara moja moja tu". Mtoto mmoja inawezekana, kiti chake kinakaa pale pa abiria, na kama ni mchanga wa kukaa akitazama nyuma, ni lazima mfuko wa hewa wa upande ule uzimwe kabisa. Mtoto wa pili hana pa kukaa, na hakuna ujanja wa kumpata.

Ndani penyewe si pa kubanana, na hili huwashangaza wote. Urefu wa gari ni mita 2.69 tu, lakini urefu uliokatwa ni ule wa nyuma yako. Miguu na mabega vimeachiwa nafasi yake. Kiti cha abiria kimesogezwa nyuma kidogo kuliko cha dereva ili mabega yasigongane. Unakaa juu, unaona mbali. Kaka yangu, na unajua alivyo mrefu, anaingia na kofia yake. Swichi ya ufunguo iko katikati ya viti, karibu na mkono wa gia, na kila anayeliazima huitafuta chini ya usukani mpaka aone aibu kuuliza.

Buti ni dogo na lina joto. Kumbuka injini iko chini yake: unatoa zulia, unafungua kifuniko, unaiona hiyo hapo. Ukisafiri mwendo mrefu, sakafu ile inapata moto, kwa hiyo chochote cha kuyeyuka au kuharibika kiweke miguuni pa abiria. Mzigo mrefu nao una njia yake. Mgongo wa kiti cha abiria unalala mbele kabisa, ukapata sakafu ya kutoka mlango wa nyuma mpaka dashibodi. Nimewahi kubeba ngazi humo, mlango umefungwa.

Kuegesha sitalisemea sana maana ndilo kila mtu analolijua. Nikuonye jambo moja tu: usiliingize mpaka mwisho wa nafasi. Likijificha kule ndani kati ya magari mawili makubwa, dereva mwingine anaona pengo tupu, anakata kona kwa furaha, halafu anafunga breki akiwa inchi chache kutoka kwenye bampa lako. Liache mdomoni, lionekane. Na zile picha za Smart iliyosimama kwa upana, pua ikiangalia ukingo wa barabara, zisikudanganye. Uliza kwanza kama sheria ya unapoishi inaruhusu.

Haya, usalama. Bodi zake za nje ni za plastiki, na hapo ndipo maneno ya "toi" yanapoanzia. Plastiki ni nguo tu. Kinachokulinda ni lile fremu la chuma linaloonekana limezunguka mlango kwa rangi tofauti. Wenyewe wanaliita Tridion. Mwaka 2008 IIHS, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa magari, ililigongesha Smart kwenye kizuizi, likapata daraja la juu kabisa. Mwaka uliofuata taasisi hiyo hiyo ikaligonganisha uso kwa uso na Mercedes C-Class, kila moja ikienda kilomita 64 kwa saa. Smart lilirushwa juu, likazunguka hewani zaidi ya duara moja, na safari hii likapewa daraja la chini kabisa. Majibu yote mawili ni ya kweli, Zuhura. Ukigonga ukuta unapambana na uzito wako mwenyewe. Ukigongana na gari lililokuzidi uzito, hilo ndilo linaloamua nani arudi nyuma, na chuma kigumu hakibadilishi hesabu hiyo. Mjini, kwenye mwendo wa foleni, silali nikiwaza. Barabara kuu usiku, katikati ya malori, siendi nalo kama nina njia nyingine. Huo ndio uamuzi wangu, wewe fanya wako, ila usimwamini anayekupa nusu moja tu ya habari.

Upepo nao. Gari ni refu kwenda juu na fupi kwenda mbele, umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma haufiki mita 2. Lori likikupita, kwanza linakuvuta kidogo, halafu linakusukuma. Shika usukani kwa mikono yote miwili bila kuubana na usilirekebishe kwa nguvu, litajirudi. Zile za kwanza kabisa zilikuwa na matata makubwa zaidi: zilichelewa kuingia sokoni mpaka Oktoba 1998 kwa sababu kwenye majaribio ya kukwepa ghafla zilionekana zinataka kupinduka. Zikashushwa chini, nafasi kati ya tairi za kushoto na za kulia ikapanuliwa, ndipo zikauzwa.

Mwanzo wa gari hili, kama hujui, ni wa mtengeneza saa. Nicolas Hayek wa Swatch ndiye aliyetaka kigari cha mjini cha rangi rangi, akaanza na Volkswagen, wakajitoa, akaungana na Daimler-Benz mwaka 1994. Kiwanda kikajengwa Hambach, Ufaransa. Kabla gari halijakaa sawa sokoni, Swatch ikawa imeshatoka. Alichotuachia ni zile bodi za plastiki zinazofunguliwa na kubadilishwa. Mlango wangu wa kushoto ulichunwa na mtu asiyeacha hata kikaratasi. Nikatafuta ganda la mlango kutoka gari lililokufa, la rangi nyingine, na fundi akalifunga bila kunyoosha wala kupiga puti. Sasa nina gari la rangi mbili, na watoto wa jirani wanalipenda zaidi.

Umeniuliza pia kuhusu mapya na ya umeme. Fortwo halitengenezwi tena, limesimamishwa 2024. Miaka yake ya mwisho lilikuwa la umeme tupu, betri ya kWh 17.6, ya kutosha mizunguko ya mjini na kurudi nyumbani. Jina Smart liko bado, la Mercedes na Geely ya China, lakini lile la kwanza walilolitoa pamoja lina urefu wa zaidi ya mita 4, kwa hiyo halikuhusu. Citroën Ami, kile kigari kingine cha umeme cha viti viwili, nimelipanda la mtu. Linakwisha kwenye kilomita 45 kwa saa, na milango yake miwili ni mlango mmoja uliotengenezwa mara mbili, ndiyo maana wa dereva unafunguka kinyumenyume. Akili nyingi, starehe kidogo. Kama njia yako ya kwenda kazini ina kipande chochote cha barabara ya kasi, liache.

Kwa hiyo turudi kwenye hilo ulilotumiwa picha. Kama ni la kizazi cha kwanza, la mita 2.5, pima oili kila mara, na ujue kwamba yale ya mwanzo hayana nati ya kumwagia oili chini. Inafyonzwa kupitia bomba la kijiti cha kupimia. Fundi akikuambia ameimwaga chini, muulize kupitia wapi. Ukienda kulitazama, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Unataka kulisikia likiamka baridi. Liendeshe mlimani, libadili gia kila namna, liweke rivasi mara kadhaa. Angalia tairi: za mbele ni nyembamba kuliko za nyuma, hazibadilishani, na watu hubahatisha wakafunga zozote. Tairi la akiba halipo, kuna chupa ya dawa na pampu tu, na chupa hiyo ina tarehe ya kuisha kama dawa nyingine.

Nipigie picha ubavu wa tairi zote nne. Mwishoni mwa yale maandishi yanayoanza na herufi DOT kuna tarakimu 4, mbili za wiki na mbili za mwaka, na kutoka hapo tutajua huyo muuzaji anaposema "tairi mpya" anamaanisha mpya za lini. Usimpe hata shilingi ya kishika uchumba kabla sijazisoma.

Wasalimie wote, na mama umwambie barua yake inafuata.

Wako,
Salma