Ukienda Wengen, shuka Interlaken Ost

Mhariri,

Wasomaji wanaopanga kwenda Alpi kwa treni kwa mara ya kwanza wakati wa baridi, hasa kijiji cha Wengen, Uswisi, waanze na viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Uswisi ikiwemo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na bima ya matibabu isipungue yuro 30,000.

Wageni hupotea mwishoni kabisa. Interlaken ina stesheni mbili. Shukeni Ost, ya mashariki. Hapo mtapanda treni ya milimani, ambayo ikifika stesheni ya Zweilütschinen hukatwa: mabehewa mengine huenda Lauterbrunnen, mengine Grindelwald. Tafadhalini, someni kibao cha behewa kabla ya kuketi, la sivyo mtajikuta bonde jingine na mizigo yenu. Lauterbrunnen mtapanda treni ya reli ya meno (gurudumu lake la meno hushika reli ili ipande mlima), dakika kama 14, hadi Wengen, mita 1,274 juu ya usawa wa bahari, ambako magari ya wageni hayafiki.

Tiketi ya treni ya punguzo hutumika kwa treni moja tu, ya saa mliyoichagua. Ndege ikichelewa, tiketi hiyo haifai tena. Siku ya kufika nunueni ya kawaida.

Bebeni begi la mgongoni, kwani theluji hukwamisha magurudumu ya sanduku. Viatu viwe na soli ya mpira yenye meno marefu.

Msomaji wenu,
Mombasa