Gesi ya mtungi kugeuzwa haidrojeni: tuulize salfa na maji

Mhariri,

Mwenye mtambo wa kutengeneza barafu wa Mwaloni Kirumba au Ukerewe anayeshauriwa aache jenereta ya dizeli anunue mtambo wa seli za haidrojeni, yaani zinazogeuza haidrojeni kuwa umeme, aulize kwanza hiyo haidrojeni inatoka wapi. Bomba la gesi asilia halijafika Mwanza, kwa hiyo itatoka kwenye gesi ileile ya jikoni, ikichanganywa na mvuke na kupitishwa juu ya kichocheo cha nikeli, kinachoharakisha gesi kugeuka, kwenye nyuzi joto 700 hadi 850.

Kinachoua mitambo hii ni ile harufu. Gesi ya mtungi hutiwa merkaptani ili ikivuja tuinuse, na merkaptani ina salfa, ambayo hung'ang'ania nikeli mpaka kichocheo kinakufa. Chujio la oksidi ya zinki peke yake halitoshi. Litanguliwe na mkaa maalumu wa kunyonya merkaptani, nao hujaa. Muuzaji asiyeweza kukwambia mkaa unabadilishwa baada ya saa ngapi za kazi, achana naye.

Halafu maji. Kila kilo ya propani, moja ya gesi za mtungini, hutaka takriban kilo 3.7 za mvuke, yaani mtungi wa kilo 15 unakula kama lita 55, ingawa mtambo mzuri hurudisha sehemu kubwa kwa kupoza hewa inayotoka. Ukibana mvuke, gesi huvunjika na kuacha masizi juu ya nikeli. Ndiyo maana wakati wa kuzima hufungwa gesi kwanza, mvuke baadaye, na pampu ya maji ikifa ghafla vali ya gesi lazima ijifunge yenyewe. Maji ya ziwa hata yakichujwa yakang'aa bado yana chumvi, na chumvi hiyo huganda kwenye boila kama ukoko wa birika. Yapitishwe kwenye rezini ya kuondoa madini.

Gesi inayotoka kwenye kichocheo ina kabonimonoksidi asilimia 10 hivi. Seli za platinamu, zinazofanya kazi kwenye nyuzi 80, hutaka kabonimonoksidi ishuke chini ya sehemu 10 kwa milioni, hivyo huongezwa hatua nyingine za kusafisha. Seli za kauri za nyuzi 700 na zaidi huitumia kama mafuta, ila huchukua saa nyingi kupata moto na hazipendi washa-zima. Kwa barafu ya usiku na mchana zinafaa. Kwa dharura ya umeme kukatika, hapana.

Na tusidanganywe kuwa haidrojeni hii haina kaboni: kilo 1 ya propani hutoa kilo 3 za kabonidioksidi, uichome au uigeuze.

Fundi mitambo,
Kirumba, Mwanza