Barua kwa mwanangu kabla hajaondoka Tabora

Ujiji, Kigoma
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, isipokuwa mguu wa mama yako ambao umeanza tena kuvimba. Nakuandikia kwa haraka kwa sababu mdogo wako amenisomea ujumbe uliomtumia kuhusu majibu ya usaili wa ile kazi ya hoteli huko Arusha, na ndani yake mna neno moja lililoninyima usingizi siku mbili hizi.

Umemwambia kwamba aliyekusaili ameandika kuwa Kiingereza chako ni "pretty good", nawe ukafasiri kwamba amekiona kizuri na cha kupendeza. Hakusema hivyo, mwanangu. Neno "pretty" likitangulia neno jingine la sifa huacha kabisa kuzungumzia uzuri, hupima kiasi tu, na hivyo ndivyo Waingereza wanavyolitumia tangu karne ya 16. Amesema kwamba Kiingereza chako kinaridhisha. Kwa mtoto aliyesoma akibanana na wenzake watatu kwenye dawati moja, hilo si dogo, na Ijumaa baada ya swala niliwaeleza wenzangu wawili watatu bila kuulizwa. Lakini kuridhisha ni jambo moja na kusifiwa sana ni jingine, nawe umezoea kushika la kwanza ulisikialo na kuondoka nalo.

Ukifika kazini, sikiliza mkazo wa sauti. Mtu akisema chakula ni "pretty good" na mkazo ukaangukia neno la kwanza, jua kwamba sifa imepunguzwa na kuna kitu amekibakiza moyoni. Ukiangukia neno la pili, ameridhika kweli. Akisema kazi imekwisha "pretty much", bado haijakwisha yote, imebaki kidogo. Akilalamika kwamba safari imemgharimu "a pretty penny", ametumia fedha nyingi. Na akiingia chumbani akakuta maji yamejaa sakafuni, anaweza kusema "a pretty mess". Usitabasamu, maana hapo hakuna cha kupendeza, amekasirika. Daftari lako la darasa la sita bado ninalo sandukuni, lile nililokata kwa kalamu nyekundu pale ulipoandika "pretty big". Juzi nimeifungua ile kurasa tena. Sentensi yako ilikuwa sahihi.

Sasa nije kwenye linalonitia hofu zaidi. Watakuja wageni watakaokuambia wewe mwenyewe kwamba u "pretty", na wengine watalisema kwa nia njema kabisa, kama mtu asifuvyo ua au kijumba kilichopakwa chokaa. Nakuomba usilifasiri kwa neno letu. Sisi tukisema fulani ni mtu mzuri, tumetaja sura yake au tumetaja roho yake, na mara nyingi zaidi tumetaja roho. Neno lao haliingii ndani kiasi hicho, huishia usoni na kwenye nguo, na hata kwa sura ni jepesi kuliko "beautiful", ambalo shina lake walilichukua kwa Wafaransa na wakalipa uzito mkubwa. Katika Kiingereza cha kale hilo "pretty" lilikuwa sifa ya mtu mjanja, kwani lilitokana na neno lenye maana ya hila. Baadaye likawa sifa ya mtu stadi, kisha ya kitu kilichotengenezwa kwa ustadi, ndipo likafika kwenye kupendeza machoni. Sisemi kwamba kila alitamkaye leo ana hila, kwa kuwa maana hiyo imekwisha kufa kwao. Nasema tu usilipe thamani ambayo halina.

Nawe usimwambie mgeni wa kiume neno hilo hata kama unataka kumsifu, kwa sababu mwanamume husifiwa kwa "handsome", na "pretty" kwake huweza kusikika kama dharau. Tena linaandikwa kwa e lakini hutamkwa kwa i. Ulikuwa unakosea hapo.

Mama yako anasema hofu yangu imechelewa. Katika nyumba ya babu yako mtoto wa kike hakusifiwa sura, nami niliendelea hivyo hivyo nikiamini kwamba nakukinga na husuda na majivuno. Ananikumbusha kwamba siku ya mahafali ulipovaa lile gauni la buluu ulisimama mlangoni muda mrefu, na kwamba ulikuwa unaningoja mimi. Nami nilikuuliza kama umechukua kitambulisho. Nimelifikiria hilo kila nilipofikiria wageni wa hoteli, na sikupata la kumjibu mama yako.

Mzigo wako utakuja kwa treni. Mna dagaa wa Kibirizi, debe dogo, na dumu la lita tano la mawese, ambalo utamgawia shangazi yako nusu kabla hujapanda basi la Singida, kwa kuwa umekula kwake miaka miwili na sijamtumia chochote. Bati la jikoni nimeshalipigilia. Mama yako hataki kwenda hospitali mpaka umpigie simu wewe, basi mpigie.

Gauni lile amelifua na kulipiga pasi, nami nimelifunga kwenye mfuko peke yake na kuliweka juu kabisa ili lisishike harufu ya dagaa. Ulikuwa mzuri siku ile, mwanangu, na neno hili nalitumia kwa maana zake zote mbili. Dumu la mawese ulisimamishe wima, kwa sababu kifuniko chake kinavuja.

Ni mimi baba yako.