Upasuaji wa dakika 20, vipimo vya asubuhi nzima

Kuna lalamiko lisiloisha hapa kliniki, na mara nyingi linatoka kwa watoto waliomleta mzazi wao: "Upasuaji wenyewe dakika 20, halafu mnatulipisha vipimo asubuhi nzima? Si mmtoe tu mzee huyo mtoto wa jicho." Wengine wanaondoka wakiamini wameibiwa. Tunajibu kwa kirefu, kwa sababu vipimo hivyo ndivyo vinavyoamua mzee ataona nini bandeji ikifunguliwa.

Mtoto wa jicho si ngozi iliyoota juu ya jicho. Ni lenzi ya asili, iliyo nyuma ya mboni, iliyopoteza uangavu wake. Hakuna matone wala dawa ya kienyeji inayoirudisha ilivyokuwa. Inatolewa, inawekwa lenzi bandia. Na lenzi bandia ina namba kama miwani, ila hii haivuliwi.

Kupata namba hiyo tunapima mkunjo wa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na urefu wa jicho kutoka konea hadi retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Jicho la mtu mzima huwa na milimita 23 hadi 24 hivi. Kosea milimita 1 tu, mzee anatoka na kosa la namba 2.5 hadi 3 za miwani. Mashine ya mwanga ndiyo sahihi zaidi, lakini mtoto wa jicho akiwa mzito mwanga haupenyi, inabidi tupime kwa mawimbi ya sauti. Hapo kipimo kinagusa konea yenyewe. Mkono ukikandamiza kidogo, jicho linabonyea na kusomeka fupi kuliko lilivyo, lenzi inayochaguliwa inakuwa na nguvu kupita kiasi, na mzee anaishia kuona vya karibu huku vya mbali vikiwa ukungu. Ndiyo maana mpimaji wetu anarudia mara kadhaa na kuyafuta majibu yanayopishana. Tunapima pia jicho la pili hata kama halifanyiwi kitu siku hiyo: macho ya mtu mmoja kwa kawaida yanakaribiana urefu, na tukiona tofauti inayozidi milimita 0.3 tunaanza upya.

Wapo wanaotuomba tuweke "lenzi ya wastani" ili kupunguza gharama. Hatuweki. Lenzi ya namba 21 inafaa jicho la wastani, na hujui la mzee wako ni la wastani mpaka limepimwa. Ikikosewa, ama avae miwani mizito, ama lenzi ibadilishwe. Huo ni upasuaji wa pili, wenye hatari zaidi kuliko wa kwanza, kwa sababu lenzi imeshashikana na kifuko chake, yaani utando mwembamba uliokuwa umeifunika lenzi ya asili. Nao unalipiwa.

Njia nyingine ya mkato ni kusubiri mtoto wa jicho "akomae". Ushauri huo ulikuwa na maana enzi za upasuaji wa zamani, leo unaumiza. Lenzi iliyokomaa ni ngumu, inahitaji nguvu nyingi kuivunja, na nguvu hiyo inaua seli za upande wa ndani wa konea, ambazo hazioti tena. Nyuzi zinazoishikilia nazo zimelegea. Tena retina haionekani, kwa hiyo kinaongezeka kipimo kingine cha mawimbi ya sauti ili tujue nyuma kukoje. Akipitiliza zaidi, protini za lenzi zinavuja, zinaziba njia ya maji ya jicho, presha ya jicho inapanda ghafla: jicho jekundu, maumivu makali, kutapika. Mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa kwa presha hiyo, hakuna lenzi ya bei yoyote itakayomrudishia kuona.

Tukiahirisha kwa sababu presha ya damu au sukari iko juu, msituone tunawazungusha. Presha ikiwa juu sana, mshipa unaweza kupasuka ndani ya jicho likiwa wazi, na jicho likapotea mezani.

Hizo dakika 20 zenyewe zina mambo machache. Ganzi, kisha povidoni-ayodini, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 5 juu ya jicho, na tunasubiri dakika 3 kamili kwa saa ya ukutani. Dakika hizo ndizo kinga kubwa dhidi ya usaha ndani ya jicho. Tundu ni la milimita 2 hadi 3, au 6 hadi 7 pale lenzi ngumu inapotolewa nzima, na kwa kawaida halishonwi.

Kazi inayoharibika zaidi inaharibikia nyumbani, kwenye matone. Siku ya nne jicho limekuwa jeupe, hakuna maumivu, chupa inawekwa kando. Matone ya steroidi yanapunguzwa polepole kwa takriban wiki 4. Ukiyakata ghafla uvimbe unarudi. Tikisa chupa, maana dawa nyingi za aina hiyo hutuama chini. Vuta kope la chini, tone moja linatosha, la pili linamwagikia shavuni. Kati ya dawa na dawa acha dakika 5. Mzee asijitilie mwenyewe, mara nyingi anakosa jicho na kugusisha ncha ya chupa kwenye kope.

Maumivu yakiongezeka, au kuona kukapungua baada ya kuwa kuzuri, hasa wiki ya kwanza, mlete siku hiyohiyo. Msingoje kesho, na msinunue dawa dukani.

Miezi au miaka baadaye ukungu unaweza kurudi, nasi tunaambiwa tulifanya kazi nusu. Lenzi bandia haioti mtoto wa jicho. Kinachopata ukungu ni kifuko tulichokiacha makusudi ili kiishikilie. Kinatobolewa kwa leza, dakika chache, bila kisu, na kinalipiwa peke yake. Miwani ya kusomea nayo itahitajika, kwa kuwa lenzi ya kawaida inalenga mbali. Inapimwa baada ya wiki 4 hadi 6, si kabla, jicho likiwa bado halijatulia.

Siku ya kwanza njoo na dawa zote za mzee, chupa na vidonge vyenyewe. Wanaume wanaficha dawa ya tezi dume. Mojawapo, tamsulosini, inalegeza misuli ya mboni, mboni inasinyaa katikati ya upasuaji, na hata akiiacha wiki kadhaa kabla, athari inabaki. Tukijua mapema tunaandaa vifaa vya kuishikilia. Dawa za kuzuia damu kuganda msizisimamishe wenyewe. Na yule atakayemtilia matone aje naye, tumwonyeshe kwa mkono.