Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Stendi Zetu za Mbao

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mtasomewa na mweka hazina. Kuhusu vyeti vya silaha, nakumbusha tu kwamba Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, haimwachilii aliyesahau kuhuisha chake. Nafasi iliyobaki naitumia kwa kazi ninayoionea fahari mwaka huu: stendi za shabaha tulizojiundia wenyewe.

Baadhi yenu mliuliza kwa nini tusinunue za chuma zinazodumu. Risasi ikigonga chuma kilichokaa vibaya huweza kupasuka au kuruka kuelekea isikotakiwa. Ikigonga ubao mwembamba hupita, ikazama kwenye tuta la udongo. Nami sioni sababu ya kuweka kitu kigumu karibu na shabaha ili tu kuokoa fedha, hasa siku ambazo wanafunzi wapya wako mstarini.

Stendi ina sehemu mbili. Kitako ni cha mbao ya inchi mbili kwa nne, kizito, na skrubu zake zote ziko chini kabisa. Nguzo ni mbili, za inchi moja kwa mbili, na zinachomekwa tu kwenye matundu ya kitako bila msumari. Iliyotobolewa hadi kulegea inachomolewa, nyingine inaingia. Katoni inabanwa kwa stepla kati ya nguzo hizo mbili, na karatasi ya shabaha inabandikwa kwa gundi ya unga wa ngano.

Kilichotusumbua ni kimo. Kanuni za kimataifa zinataka kitovu cha shabaha kiwe mita 1.40 kwa masafa ya mita 10 na 25, na mita 0.75 kwa mita 50. Kipimo hicho huanzia sakafu anaposimama mpigaji, wala si chini ya stendi. Uwanja wetu unateremka kuelekea tutani, kwa hiyo nguzo za mita 25 zilibidi ziwe ndefu kuliko za mita 10. Ndiyo maana zimepakwa rangi tofauti, na naomba sana msizichanganye.

Mbao za saipresi kwa ajili ya vitako tulinunua Gikomba, tukachagua zilizokauka, kwani mbichi hupinda na nguzo hukataa kuingia. Nguzo nyingi zilitokana na masalio ya mafundi wa samani wa Ngong Road, na bei yake ilikuwa nafuu mno. Kuna waliopendekeza kupaka oili chafu kuzuia mchwa. Kamati ilikataa, maana oili hiyo huingia ardhini. Badala yake vitako vinalala juu ya mawe, chini ya mabati, kila baada ya mazoezi.

Stendi za mita 50 bado hazijaundwa. Tunataka ziwe tayari kabla ya masika. Mwenye msumeno, keekee au katoni ngumu za friji aziwasilishe kwa katibu, na atakayeweza kusimamia ukataji ajitaje leo mkutanoni.

Mwenyekiti